Shuka Kwenye Tovuti ya Dobi

Mimi ni mke wa dobi, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nguo zangu mwenyewe huwa na madoa. Mganga hajigangi. Duka letu lipo kwenye kona: mbele chumba kimoja cha kupokelea nguo na kupigia pasi, nyuma ua wenye mabeseni, pipa la maji na kamba za kuanikia. Mume wangu alirithi kazi hii kwa marehemu baba yake, akarithi na wateja, na pasi, na neno moja ambalo mzee alikuwa akilirudia mpaka tukachoka: dobi ana macho, hana mdomo. Mimi nilikuja na mdomo wangu kutoka kwetu. Nimejitahidi kuuzoesha, lakini mnajua tena.

Balaa lenyewe lilianza kwa uongo mdogo. Mwenye nyumba ya wageni ya pale barabara kubwa alikuja akitafuta dobi wa kumfulia mashuka ya vyumba vyake vyote, kazi ya kudumu, si ya leo na kesho. Mume wangu alikuwa amekwenda kupeleka nguo. Yule mama akaangaza macho, akaitazama pasi yetu, akalitazama blanketi la mezani lililoungua pembeni, kisha akauliza kwa upole, "Mna tovuti? Mwenzangu hapendi kuamua kitu hajakiona."

"Tunayo," nikasema. "Ila inafanyiwa ukarabati. Ijumaa itakuwa tayari."

Tovuti! Hata kibao cha maana mlangoni hatukuwa nacho. Lakini mtu akikutazamia pasi yako kwa jicho lile, unaona haya, na haya ikikushika unasema lolote. Alipoondoka nilijiuliza nimeropoka nini, nikavaa viatu nikaenda kwa wifi yangu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni msusi, na yeye tovuti anayo kweli. Kwenda kwake kuomba msaada ni kwenda kujitafutia masimango, ila sikuwa na pa kwingine. Nilimkuta anasuka mteja.

"Leo jua limetokea wapi?" akasema. "Wifi kwangu! Na mikono mitupu, kama kawaida."

"Nataka tovuti."

"Salamu nayo imekuwa bidhaa adimu. Jamani, kaka yangu huyu alimwokota wapi?" Mteja akacheka, kichwa kikiwa bado mikononi mwa wifi. "Haya. Bajeti yako?"

"Bajeti yangu ni wewe, wifi."

"Basi huna bajeti."

Alinifundisha, lakini. Kusema kweli wifi akishamaliza kukusimanga anakusaidia. Akaniambia kuna kampuni huko mtandaoni inayotoa tovuti bure: unachagua muundo uliokwisha kutengenezwa, unajaza maneno yako na picha zako, nao wanabandika matangazo yao chini. Anwani itakuwa ndefu na itaburuta jina lao mkiani. Ukitaka jina lako peke yake, unalipia kila mwaka.

"Ya bure inanitosha," nikasema.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema wifi. "Lakini utafika nayo sokoni. Sasa sikiliza jambo la maana. Maneno watu hawasomi. Wape hii."

Akanionyesha ukurasa wake kwenye simu. Picha zilipangwa mbili mbili. Kushoto nywele zimetimka, juu pameandikwa KABLA. Kulia kichwa kilekile kimesukwa kikasukika, juu pameandikwa BAADA.

"Na hawa hawakasiriki?" nikauliza.

"Nimekata nyuso. Kichwa kisicho na uso hakina mwenyewe."

Nilitengeneza tovuti palepale kwenye meza ya pasi, kwa kuiba nafasi kati ya mteja na mteja, bando likikata kila nilipokaribia kumaliza. Muundo niliouchagua nadhani ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya daktari wa meno, maana kila nilipogusa palitokea meno. Nikafuta meno, nikaweka mashati. Sehemu moja ilikataa kufutika, imeandikwa "Tabasamu lako ni jukumu letu." Nikaiacha. Nilijiambia mtu akipata nguo safi si atatabasamu? Nikampiga picha mume wangu kwa mgongo akiwa anapiga pasi, nikaiweka mbele. Ilipendeza.

Zikabaki zile nafasi mbili za KABLA na BAADA. Nilijaribu kola ya shati, uchafu hauonekani. Nikajaribu ovaroli la fundi gari, nalo kwenye picha ni jeusi tupu, kabla jeusi, baada jeusi. Mimi nilitaka doa ambalo mtu akilitazama aseme "ebo!" Na madoa ya namna hiyo yalitoka nyumba moja tu.

Hapa sharti niwaeleze kuhusu nyuzi. Baba mkwe hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila nyumba aliipa uzi wa rangi yake na kuushonea kwenye pembe ya kila nguo, mshono mdogo tu, ili nguo zisipotezane. Mume wangu anajua kuandika lakini hakuubadilisha utaratibu. Watu wa mtaa huu wamekua na nyuzi zao. Msichana akiolewa anauliza kwa mumewe wana uzi gani. Kwa fundi saa ni buluu, kwa muuza mboga njano, na kwa Mwalimu ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, kijani na nyeupe, kwa sababu ndizo zilizokuwa rangi za sare ya shule yake.

Mwalimu amestaafu siku nyingi. Nusu ya watu wa mtaa huu amewafundisha, mume wangu akiwemo. Siku hizo alikuwa akishinda kwenye benchi nje ya duka letu, akicheza drafti na fundi saa na wenzao. Lakini siku nyingine alikuja mapema, kabla benchi halijapata watu, amebeba lile begi alilokuwa akibebea madaftari ya wanafunzi. Alimkabidhi mume wangu mkono kwa mkono, akamuuliza hali, akaondoka. Mume wangu alilipeleka begi nyuma, akafua yaliyomo peke yake kabla ya nguo nyingine zote, akayaanika kwenye kamba ya ndani, ile ya ukutani, nguo za wengine zikiwa mbele. Hakuwahi kuniambia mle mna nini. Lakini pua ninayo.

Siku hiyo begi lilikuja, na mume wangu akatoka kidogo kwenda kufuata sabuni. Mimi nikaingia nyuma. Nikalitoa shuka, nikalileta mbele, nikalitandaza juu ya meza ya pasi penye mwanga wa dirisha. Lilikuwa na doa pana la manjano lenye ukingo wa kahawia, na jingine juu yake. Nikapiga picha, nikalirudisha begini nikalikunja kama nilivyolikuta. Jioni lilikuwa kambani, jeupe pe, halina hata kivuli cha doa. Nikapiga tena. Yarabi, zile picha mbili zilivyopendeza zikikaa pamoja! Nilikata meza, nikakata dirisha, nikakata ukuta. Ule uzi kwenye pembe nimeuona miaka na miaka mpaka siuoni tena, kwa hiyo sikuukata.

Nikamtumia linki yule mama wa nyumba ya wageni. Hapo ningeishia ningekuwa nimepona. Lakini mimi nijivunie peke yangu, nitaweza? Nikaipachika linki kwenye kundi la mtaa kwenye simu: "Jamani, dobi wenu sasa yuko mtandaoni! Karibuni mtutazame."

Hongera zikamiminika. Makofi, maua, wengine wakaandika "mnatutoa kimasomaso." Mume wangu akautazama mgongo wake kwenye ukurasa wa kwanza, akacheka siku nzima kwa haya na kwa furaha, hakushuka chini kutazama zaidi. Kesho yake nikiwa napanga mashati, mtu mmoja akaandika kundini:

"Huo uzi wa kijani na mweupe si wa kwa Mwalimu?"

Hakuna aliyemjibu. Akatokea mmoja akaweka kikaragosi cha kucheka, halafu akakifuta. Baada ya hapo kundi zima kimya, kundi ambalo hata mtu akipotelewa na kuku wanaandika kutwa. Niliutazama ule ukimya kwenye kioo cha simu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikazifuta picha, nikafuta na ujumbe wangu, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na wenye kuhifadhi walikuwa wameshahifadhi.

Nilimwambia mume wangu mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu. Alikuwa anapiga pasi. Akaiweka pasi wima.

"Shuka ulilitoa begini?"

"Ndiyo."

"Ukalileta huku mbele?"

"Ndiyo."

"Ukalitandaza hapa. Juu ya meza hii."

"Ndiyo, baba."

Akapangusa meza kwa kiganja. "Yule mzee alinishika mkono akanifundisha kuandika jina langu," akasema. Basi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, maana ugomvi naujua, nikigombezwa najibu. Yeye aliendelea na pasi, na tangu hapo akawa anasema nami habari za nguo tu: leta ile, kunja hii, wanga umekwisha.

Halafu kikaanza kioja. Watu wakaanza kufua nguo kabla ya kutuletea tufue! Wallahi naapa. Muuza mboga alileta magauni yananukia sabuni yake, moja bado bichi kwenye pindo. "Ni pasi tu, mke wa dobi," akasema, "pasi tu," na macho yanatazama kando. Wengine walikuja wamekwisha kuukata uzi wao kwa mkasi. Mwingine akaninong'oneza nimbadilishie rangi, nimpe ambayo haijulikani. Nikamwambia rangi isiyojulikana haipo, naye akachukua furushi lake akaenda zake. Kila aliyeingia mlangoni alinitazama kana kwamba namjua vibaya. Na kweli nawajua! Lakini sikuwa nimewahi kuwaza hivyo, na wao hawakuwahi kuwaza hivyo, mpaka nilipolianika lile shuka.

Wifi naye akapita. "Nilikwambia ukate uso," akasema. "Mbona uzi hukuukata?"

"Wifi, toka."

"Natoka. Lakini ukipata nafasi uje nikusuke, maana kichwa hicho nacho ni KABLA." Siku nyingine ningemrudishia mbili kwa moja. Siku ile niligeuka ukutani nikalia, na wifi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akaacha masimango akanishika bega.

Kilichonimaliza ni simu ya yule mama wa nyumba ya wageni. Alikuwa ameitazama tovuti mapema, kabla sijafuta. "Ile picha ya shuka ndiyo iliyomfanya mwenzangu aseme hawahawa," akaniambia. "Jumatatu tunaanza." Nikasema ahsante. Nilipomwambia mume wangu kwamba kazi tumeipata, aliuliza tumeipata kwa picha ipi.

Mwalimu akawa haonekani tena. Nafasi yake kwenye benchi ikabaki wazi, wenzake wakacheza bila yeye, na fundi saa, rafiki yake wa karibu, ndiye aliyekuwa na mizaha kuliko wote. "Uzee huo! Leo kwake, kesho kwetu. Nani ana godoro la mpira aniuzie mapema?" Wanacheka, halafu wanageuka kutazama kama nimesikia. Wanawake wa mtaa wakaamua Jumamosi waende wote kwa pamoja kumjulia hali. "Tumpe pole mzee wetu," akasema muuza mboga, "na tumchangie hata zile nepi za wakubwa. Si ni baba yetu sote?" Alisema kwa huruma kabisa. Wangeingia mle ndani wote, kila mmoja na pole yake mdomoni.

Nikaona siwezi kuwaacha watangulie. Aliyemvua mzee nguo ni mimi, mimi ndiye wa kwenda kupiga magoti kwanza. Alhamisi nikafunga kitambaa kichwani nikaenda.

Geti la Mwalimu siku zote huwa wazi. Siku ile lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kwa ndani. Nilibisha sana. Alipokuja kulifungua akatazama nyuma yangu kwanza, kushoto na kulia, kuona kama nimekuja na watu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Peke yangu."

Akanipisha. Sebuleni alikaa mke wake. Mtaani humwita Bibi Harusi, jina ambalo mwenyewe analipenda, kwa sababu hata akienda kununua chumvi alikuwa anavaa kama anayekwenda kuolewa: poda, wanja, nguo imenyooka, marashi yanamtangulia. Ndiye aliyewafundisha wasichana wa shule ile usafi na kazi za nyumbani, na mpaka leo wapo wanawake wazima wakimwona wanaficha kucha. Tangu alipofanyiwa upasuaji hatoki, miguu haimpi. Lakini poda ilikuwepo, na wanja, na nywele zimechanwa.

"Mke wa dobi! Karibu, mwanangu, karibu. Mbona umejifunga kama unakwenda matangani? Nani kafa?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikapiga magoti palepale kwenye zulia. "Sijafiwa, mama. Nimekuja kuomba radhi. Mwalimu, mama, nisameheni, kwa ile pi..."

"Kwa ile pindo ya shati langu," akasema Mwalimu. Aliingia katikati kwa sauti ya darasani. "Ameniunguzia shati. Lile la mistari. Nimeshamwambia si kitu, yeye bado anajiumiza."

Nikamtazama. Naye akanitazama, macho makavu kabisa.

"Lile la mistari?" Bibi Harusi akapiga makofi. "Mungu akuzidishie, mwanangu! Nimelichukia tangu siku aliyolileta. Na kwa hilo ndio unapiga magoti? Inuka, utanichafulia zulia kwa machozi. Ndio kwa hilo, ee?"

"Kwa hilo, mama," nikasema.

Nilidhani mzee anamficha mkewe aibu yake mwenyewe. Nikainuka. Bibi Harusi akaniomba nimwekee mto vizuri mgongoni, maana ulikuwa umeteleza. Nikampitishia mkono kwapani, nikamwinua kidogo. Chini yake, ndani ya kitambaa kizuri kilichotandikwa kwenye kiti, nailoni ikalia. Aliinamisha uso haraka, poda yote ile, na akaanza kuzungumza kwa sauti ya juu habari za mvua. Mimi pua ninayo, nimeshasema. Na mikono yangu ni ya kazi ile.

Shuka halikuwa la Mwalimu. Lilikuwa la mkewe.

Sikumbuki niliaga vipi. Mwalimu alinisindikiza mpaka getini, akaurudisha mlango wa sebuleni nyuma yetu kabla hajasema neno.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Mtaani wanasema ni mimi?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna hata mmoja anayemtaja yeye?"

"Hakuna."

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Afadhali sana."

Nilianza kulia. Nikamwambia nitakwenda kusema, nitasimama mbele ya watu nieleze kwamba yeye hana...

"Utasema nini?" akanikata. "Umeshasema ya kutosha." Hakupaza sauti, lakini nilihisi kama nimepigwa kofi. Akangoja ninyamaze. "Sikiliza. Yeye anajua mashuka yanakuja kwenu. Alikubali kwa taabu, na alikubali kwa sababu nilimwahidi kwamba mumeo atadhani ni yangu. Ndiyo maana nabeba mwenyewe. Yule mwanamke hata mimi mumewe haniruhusu kumwona asubuhi kabla hajachana nywele. Akisikia mtaa mzima umelitazama shuka lake, hatakula. Namfahamu. Hatakula, na mimi nitamzika."

Hapo ndipo nikakumbuka Jumamosi. Nikamwambia: wanawake wanakuja, wote, na pole, na mchango.

Akashika chuma cha geti. "Waje hapa? Ndani?"

"Ndiyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya mnyororo. Sisi tulidhani kajificha kwa haya, kumbe mzee alikuwa analinda mlango. Akasimama akifikiri, nami nikasimama nikiutazama mchanga.

"Basi kesho nitatoka," akasema. "Nitakaa benchini kama zamani. Wakiniona mzima, nacheka, watakuwa hawana cha kujia. Watanichekea hukohuko. Na wewe utacheka."

"Mimi? Siwezi, Mwalimu."

"Wewe ndiye dobi. Ukinuna, ukiinamisha uso, watajiuliza dobi anajua nini ambacho wao hawakijui. Watu wa hapa nimewafundisha mimi, wana akili. Utacheka kama wao. Na mumeo asijue. Anaamini ni yangu, aendelee kuamini."

"Hata mume wangu?"

"Wewe siri umeshaonyesha unavyoiweka," akasema. "Hii iweke."

Kesho yake akaja. Alitembea polepole, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Benchi zima likanyamaza. Fundi saa akasogea kumpa nafasi, akapanga kete, na nikaona jinsi ulimi unavyomwasha mpaka akashindwa.

"Mwalimu, karibu. Tulitaka kukuwekea kiti chako, tukasema tusubiri tukuulize kwanza, tukutandikie beseni?"

Mwalimu akacheka. Alicheka kwa kichwa kurudi nyuma. "Tandika mawili," akasema. "Leo nimekunywa chai nyingi."

Weee! Benchi likalipuka. Watu walikuwa wamelibana jambo hilo kifuani siku zote zile, sasa wamepewa ruhusa na mwenyewe. Mizaha ikaja mfululizo, wa huku anasema godoro, wa kule anasema mwavuli, na yeye anaipokea mmoja mmoja na kuijibu. Muuza mboga akaacha biashara yake akavuka barabara, na wenzake wakamfuata. "Jamani, mzee mwenyewe mzima kuliko sisi," akasema. "Safari ya Jumamosi ya nini tena?" Wakakubaliana palepale hakuna haja. Nilimwona Mwalimu akisikia neno lile. Mabega yakamshuka kidogo, basi, akasukuma kete yake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, uso umeganda. Muuza mboga akanigeukia.

"Na wewe mke wa dobi, mbona umenuna? Hebu tutolee ukweli, wewe ndiye mjuzi. Ni kweli ni kila siku?"

Wote wakageuka. Mwalimu naye akainua macho kutoka kwenye drafti, akanitazama, akangoja.

"Kila siku!" nikasema, nikacheka. "Mnaona sabuni inavyopanda bei? Ni huyu mzee mmoja!"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabara kubwa. Fundi saa alijishika mbavu. Na Mwalimu akacheka kuliko wote, akanitikisia kidole kama mtu anayesema "wewe, wewe."

Nyuma yangu nikasikia pasi ikiwekwa wima. Mume wangu alikuwa amesimama na shati la mtu mkononi, ananitazama kama mtu asiyenijua. Hakupaza sauti.

"Wewe ni mtu wa namna gani?" akaniuliza.

Nilitazama nje. Mwalimu alikuwa ameinamia drafti, anafikiri mchezo wake.

"Wa namna hiihii unayoiona," nikamwambia, nikaenda nyuma kuanua nguo.